Maswali ya Wasomaji: Programu za Zamani Katika Kompyuta Mpya

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja: programu iliyofanya kazi vizuri kwa miaka mingi, kisha ikagoma siku ile kompyuta ilipobadilishwa. Wengine walibadilisha kwa sababu kompyuta ya zamani ilikufa, wengine kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Tumechagua barua tano kutoka Lubumbashi, na waandishi wake tumewaacha bila majina. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mengi ya yale yanayowasumbua wasomaji wengine yamo ndani yake.

Swali

Bwana Mjibu Maswali, ninatunza hesabu za duka letu la vifaa vya ujenzi katika komini ya Kampemba. Tangu mwaka 1999 tunatumia programu moja ya bohari na ankara, yenye skrini ya bluu na maandishi meupe, iliyoandikwa na fundi ambaye sasa ni marehemu. Kompyuta yake ya Windows XP iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, lakini diski ilipona, na folda yote tumeihamishia kwenye kompyuta mpya yenye Windows 11. Kila tukiifungua programu tunaambiwa kwamba haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Mafundi wa mjini wamejaribu kichupo cha «Compatibilité» bila mafanikio, na mmoja wao amesema programu imeharibika, tuitupe. Je, ni kweli? Tena, hata kabla ya ajali hiyo, jumla kubwa za faranga zilikuwa zikionekana kama mstari wa nyota, kwa hiyo tulikuwa tukihesabu kwa dola tu. Tununue programu nyingine?

Jibu

Mama, programu yenu ni nzima. Ikiwa folda ilinakiliwa yote, basi kila kilichomo kiko vilevile kama fundi wenu alivyokiacha. Sehemu ya kompyuta iliyokuwa ikiielewa programu hiyo ndiyo isiyokuwepo tena, na inafaa mjue jinsi ilivyoondoka, ili mtu mwingine asije akawauzia tiba isiyohusu ugonjwa.

Kwa maelezo yako, na kwa kuwa programu nyingi za maduka za miaka ile zilijengwa hivyo, ninadhani yenu iliandikwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu, ili iendeshwe na MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Tazameni ndani ya folda: mkikuta faili moja kubwa yenye mwisho wa .EXE, na kando yake faili nyingi za .DBF, zenye data, na za .NTX, zenye fahirisi, basi ndivyo ilivyo. Programu ya namna hiyo inatoa amri zake kwa biti 16 (tarakimu 16 za sifuri au moja kwa mara moja), yaani kwa lugha ya Intel 8086, kichakataji, au ubongo wa kompyuta, cha mwaka 1978. Mwaka 1985 Intel ilitoa kichakataji 80386 cha biti 32, na ndani yake iliweka hali maalumu ambayo kwayo kichakataji kipya kiliweza kujifanya kuwa 8086 kadhaa kwa wakati mmoja. Windows XP ya biti 32 ilitegemea hali hiyo kila mlipofungua programu yenu, bila ninyi kuambiwa lolote. Kisha mwaka 2003 kampuni ya AMD ilileta vichakataji vya biti 64 kwa kompyuta za kawaida, Intel nayo ikafuata, na kichakataji cha aina hiyo kinapoendesha mfumo wa biti 64 hakiwezi kuingia tena katika hali ile. Microsoft ikaamua kuiacha nje sehemu nzima ya kuendesha programu za MS-DOS katika kila Windows ya biti 64. Windows 10 bado ilikuwa na toleo la biti 32 ambamo mtu aliweza kuiwasha sehemu hiyo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni ya biti 64 pekee.

Ndiyo sababu kichupo cha «Compatibilité» hakikufaa kitu, wala hakingefaa hata mafundi wangejaribu kwa mwezi mzima. Kazi yake ni kuifanya programu iamini kwamba iko ndani ya Windows ya zamani zaidi. Kurudisha kitu ambacho hakimo kabisa ndani ya mfumo, hakiwezi. Fundi anayejua hilo na bado anatoza saa za kazi kwa kubofya kichupo hicho hawatendei haki wateja wake. Na fundi anayeita uchafu programu ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilitoa jumla sahihi ya misumari na mabati, anasema neno ambalo hana ushahidi nalo. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona biashara zikitupa kumbukumbu za miaka mingi kwa ushauri wa namna hiyo, na kumbukumbu zilizotupwa hazirudi.

Njia iliyo wazi kwenu ni emuleta, yaani programu ya kisasa inayoigiza kompyuta nzima ya zamani, pamoja na kichakataji chake, ndani ya dirisha moja la kompyuta mpya. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, lakini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na siishauri kwa kazi ya duka: haishughuliki na uchapishaji, wala na kufunga faili pale watu wawili wanapoandika pamoja. Tumieni DOSBox-X au vDos, ambazo zilipanuliwa kwa mahitaji ya kazi za ofisi. Zote mbili hupatikana bila malipo. Kabla ya kugusa chochote, nakilini folda mara mbili, nakala moja muiweke mbali na kompyuta, kisha mjaribu kwa ile nyingine tu. Iwekeni mahali pafupi, kwa mfano C:\DUKA, kwa maana MS-DOS haielewi majina ya folda yanayozidi herufi nane. Kama programu ilizoea kujiona iko kwenye diski ya herufi D au F, iambieni emuleta iipe folda hiyo herufi ileile, kwa kuwa mafundi wengi wa enzi hizo waliandika njia ya faili moja kwa moja ndani ya programu. Na iambieni emuleta pia kwamba kibodi yenu ni ya AZERTY, la sivyo mtabonyeza A mkaona Q.

Huenda ikafunguka, kisha ikalalamika kwamba haiwezi kufungua faili fulani. Hilo lisiwavunje moyo. Programu za Clipper hufungua faili nyingi kwa pamoja, na ruhusa ya idadi hiyo ilikuwa ikitolewa kwa mistari miwili midogo, mmoja unaoanza na FILES= na mwingine unaoanza na SET CLIPPER=. Katika Windows XP mistari hiyo ilikuwa ndani ya faili CONFIG.NT na AUTOEXEC.NT, kwenye folda ya system32. Kwa kuwa diski yenu ya zamani ilipona, ifungueni, muisome mistari hiyo, muirudie ileile katika mpangilio wa emuleta.

Uchapishaji ndio utakaowasumbua zaidi. Programu yenu inatuma maandishi kwenye tundu liitwalo LPT1, na kompyuta za leo karibu zote hazina tundu hilo. Tena printa nyingi za bei nafuu hazielewi maandishi matupu, zinangoja Windows izichoree ukurasa. DOSBox-X na vDos zinaweza kuyapokea yale yanayokwenda LPT1 na kuyapeleka kwenye printa yoyote iliyowekwa katika Windows. Ikiwa bado mnatumia karatasi za nakala tatu zenye kaboni, printa ya sindano haiepukiki, na nyingine kama Epson LX-350 bado zinauzwa zikiwa na tundu la zamani pamoja na la USB. Hapa nitoe onyo kwa wasomaji wengine: kebo inayogeuza USB kuwa tundu la LPT1 imetengenezwa kwa ajili ya printa tu. Kama programu yako inadai kifunguo, yaani kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye tundu hilo ndipo ifunguke, usinunue kebo hiyo ukitumaini kwamba kifunguo kitatambuliwa.

Umeme nao. Mwanga ukikatika wakati programu inaandika, faili ya .DBF inaweza kupata mstari mpya huku faili ya .NTX, ambayo ni fahirisi yake, ikibaki bila habari hiyo. Baadaye bidhaa iliyoingizwa haionekani ikitafutwa, ingawa ipo. Tafuteni ndani ya menyu mahali pa kupanga upya fahirisi, muitumie kila baada ya kukatika kwa umeme. Fahirisi hutengenezwa kutoka kwenye .DBF, kwa hiyo ikiharibika si msiba; .DBF ikiharibika ndipo mali imepotea. Fedha mtakayookoa kwa kutonunua programu mpya leo, wekeni kwanza kwenye onduleri na betri yake.

Sasa zile nyota. Faranga ya Kongo ilipoanza kutumika mwaka 1998, dola moja haikufika faranga mbili. Fundi wenu alipopanga upana wa safu za fedha mwaka uliofuata, alipima kwa fedha aliyoiona mbele yake, akaongeza nafasi kidogo. Leo dola moja inahesabiwa kwa maelfu ya faranga, na jumla ya lori moja la saruji haienei tena katika nafasi ile. Clipper inaposhindwa kuiandika namba kwa ukamilifu haikati tarakimu, kwa maana namba iliyokatwa ingeaminiwa; inaweka nyota mahali pote. Ilikuwa ikiwaambia ukweli. Upana wa safu ndani ya .DBF unaweza kuongezwa kwa zana za kawaida, lakini upana wa kile kinachoonyeshwa kwenye skrini na kwenye ankara umeandikwa ndani ya .EXE yenyewe, na hapo hakuna wa kuugusa bila maandishi asilia ya fundi.

Kwa hiyo, Mama, nendeni kwa heshima kwa familia ya marehemu, muulize kama kuna kompyuta, disketi au CD alizoacha, na mtafute faili zenye mwisho wa .PRG. Hayo ndiyo maandishi asilia. Mkiyapata, hali yote inabadilika, kwa sababu ipo zana ya bure iitwayo Harbour inayoelewa lugha ya Clipper na kutengeneza kutoka kwenye maandishi hayohayo programu ya leo ya biti 64, isiyohitaji emuleta. Fundi kijana mwenye bidii anaweza kujifunza kazi hiyo, na safu za faranga zitapanuliwa hapohapo.

Kuhusu kununua nyingine, nitakujibu bila kuzunguka. Sheria imebadilika zaidi kuliko kompyuta. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ilianza nchini tarehe 1 Januari 2012, na programu ya 1999 haiwezi kuijua. Mwaka huohuo nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na mpango wa hesabu wa SYSCOHADA uliofanyiwa marekebisho unatumika tangu tarehe 1 Januari 2018. Ankara na hesabu za mwaka zinahitaji programu iliyoandikwa kwa sheria hizo, na kwa upande huo nunueni. Lakini sheria hiyohiyo ya OHADA inawataka wafanyabiashara kutunza vitabu vya hesabu kwa miaka kumi, na miaka kadhaa kati ya hiyo mnayo ndani ya programu ya zamani tu. Basi ifufueni kwa emuleta hata kama hamtaitumia tena kwa mauzo, iwe mahali pa kusomea ya nyuma. Bohari iendelee humo mpaka hesabu ya vitu katika programu mpya ilingane na hesabu ya vitu vilivyo rafuni. Atakayewauzia programu mpya, muulizeni kabla ya kulipa: nitazitoaje data zangu humu siku nikiondoka? Akishindwa kujibu, msinunue kwake.

Swali

Ninafanya kazi ya usekretari katika shule moja ya Katuba. Tuna programu ya kuandikisha wanafunzi na alama zao, ya mwaka 2003, nayo inafunguka vizuri kwenye kompyuta ya Windows 10. Jambo la ajabu ni kwamba nikiingia kwa jina langu naona wanafunzi wote wa mwaka huu, lakini mkuu wa masomo akiingia kwa jina lake kwenye kompyuta ileile anaona orodha nyingine, pungufu. Fundi alituambia tuifungue kama msimamizi, tukaona orodha ya tatu, ya siku ile tulipoiweka. Mkuu anafikiri kuna mtu anafuta majina.

Jibu

Tafadhali mpelekee mkuu wako ukurasa huu leo, kwa maana hakuna mtu aliyefuta jina la mwanafunzi yeyote, na tuhuma ya namna hiyo inaweza kuharibu uhusiano wa watu wanaofanya kazi pamoja.

Programu za miaka ile zilizoea kuhifadhi data zao ndani ya folda ileile zilimowekwa, yaani chini ya Program Files, kwa sababu katika Windows XP karibu kila mtumiaji alikuwa na mamlaka yote. Windows Vista, iliyouzwa kwa umma tangu Januari 2007, ilikataza jambo hilo ili virusi visiandike humo, na kwa upande huo ilifanya vyema. Lakini programu za zamani zingegoma zote kwa pamoja. Basi Microsoft ikaweka njia ya pembeni: programu ya biti 32 ya zamani inapojaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inaipokea faili hiyo kimyakimya na kuiweka katika folda ya siri ya mtumiaji aliyeingia, kisha kila mara inamwonyesha yeye nakala yake kana kwamba ndiyo ya asili. Wewe una nakala yako, mkuu ana yake, na mkiifungua kama msimamizi njia ya pembeni inazimwa, mnaiona faili ya asili ambayo haijaguswa tangu siku ya kwanza. Orodha tatu, zote za kweli, na programu yenyewe haina habari. Mimi nahesabu hili kuwa kosa kubwa la ubunifu: ni afadhali programu igome mbele ya macho ya mtu kuliko kumgawia data zake vipande bila kumwambia.

Nakala hizo ziko katika C:\Users, ndani ya folda yenye jina la mtumiaji, kisha AppData, Local, VirtualStore. Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo iagizeni Windows ionyeshe vilivyofichwa. Nakilini nakala zote tatu kwenye flashi, kila moja katika folda yake yenye jina la mwenyewe, kabla ya kubadilisha kitu. Kisha hamisheni programu yote itoke Program Files, muiweke moja kwa moja kwenye C:\SHULE, muwape watumiaji wote ruhusa ya kuandika humo, na data mtakazoziweka humo ziwe zile za nakala iliyo kamili zaidi, ambayo kwa maelezo yako ni yako wewe. Alama alizoingiza mkuu katika nakala yake itabidi ziandikwe upya kwa mkono mkiwa mmeketi wote wawili. Kwa hilo sijui njia ya mkato iliyo salama.

Swali

Chama chetu cha akiba kimehamisha orodha ya wanachama kutoka programu ya zamani kwenda kwenye jedwali la kisasa. Faili ni ya .DBF nayo inafunguka, lakini majina yenye alama za Kifaransa yameharibika: Désiré ameandikwa D‚sir‚, na Hélène amekuwa H‚lŠne. Je, tuyasahihishe moja moja?

Jibu

Msisahihishe hata moja, na kama mmekwisha kuihifadhi faili hiyo baada ya kuifungua, rudini kwenye nakala ya asili. Majina hayakuharibika. MS-DOS ya nchi zinazotumia Kifaransa ilizihesabu herufi kwa jedwali linaloitwa 850, ambamo é ni namba 130 na è ni namba 138. Windows inatumia jedwali lingine, 1252, ambamo namba 130 ni alama ndogo inayofanana na mkato na namba 138 ni Š. Namba ni zilezile, ila zinasomwa kwa jedwali lisilo lake. Ifungueni faili kwa LibreOffice Calc, nayo itawauliza seti ya herufi; chagueni ile ya Ulaya Magharibi yenye DOS na namba 850, na majina yote yatarudi kwa mara moja.

Jambo la kuangalia ni wakati wa kuhifadhi. Hifadhini katika muundo wa jedwali la LibreOffice au la Excel, msirudi kwenye .DBF. Katika usimbaji wa kisasa wa UTF-8 herufi é inachukua nafasi mbili badala ya moja, na jina refu lililojaza safu yake ya zamani linaweza kukatwa mwishoni. Mwanachama ambaye jina lake kwenye daftari halilingani na la kadi yake ya mpiga kura atasumbuliwa siku ya kuchukua akiba yake, na kosa halitakuwa lake.

Swali

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nina programu ya kufundishia takwimu, kwa lugha ya Pascal, iliyoandikwa katika miaka ya tisini, nami ninaiendesha ndani ya emuleta. Inaanza na kusimama papo hapo ikitoa kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri. Nimesoma maandishi yake yote, na hakuna mahali inapogawanya kwa sifuri.

Jibu

Uko sahihi, Mwalimu, kosa halimo katika maandishi yako. Limo katika sehemu ya Turbo Pascal, zana iliyotumiwa kutengeneza programu za Pascal, iitwayo CRT, ambayo programu nyingi ziliiomba ili kupata rangi na kusafisha skrini. Inapoanza, CRT huipima kasi ya kompyuta: inahesabu mizunguko mingapi inaenea katika kipindi kimoja cha saa ya ndani, ambacho ni kama milisekunde 55, kisha inagawanya idadi hiyo kwa 55. Jibu lilitengewa biti 16, yaani lisizidi 65,535. Katika kompyuta za mwanzo wa miaka ya tisini lilienea. Vichakataji vilipokaribia megahezi 200 na kuzidi, jibu likawa kubwa kuliko nafasi yake, na kichakataji kikatoa ishara ileile kinayoitoa kwa kugawanya kwa sifuri. Programu inasimama kwa sababu mashine ina kasi kuliko alivyowazia mtungaji wa CRT.

Punguza kasi ya emuleta, kwa maana DOSBox na ndugu zake wanaruhusu kuweka idadi ya mizunguko, na programu itafunguka. Lakini kwa kuwa maandishi unayo, ningefurahi zaidi ukiyapitisha katika Free Pascal, ambayo ni ya bure na inaelewa kwa sehemu kubwa yale yaliyoandikwa kwa Turbo Pascal. Wanafunzi wako wataipata kwenye kompyuta zao wenyewe, iwe Windows au Linux.

Swali

Katika maabara yetu ya hospitali kuna mashine ya kupima damu inayoendeshwa na kompyuta ya Windows XP, kupitia tundu la serial, lile la zamani la kuunganishia vifaa. Kampuni iliyoitengeneza haitoi tena programu mpya. Uongozi unataka kompyuta hiyo iunganishwe na intaneti ili matokeo yatumwe moja kwa moja kwa madaktari. Je, inafaa?

Jibu

Haifai, na ninaomba uongozi ulipokee jibu hili kwa uzito wake. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubofya kitu, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika; hatari ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa rekebisho la dharura hata kwa XP iliyokwisha kuachwa. Kwa yaliyogunduliwa baadaye, msitegemee dharura nyingine ya namna hiyo.

Emuleta pia siipendekezi hapa. Mashine ya kupima inasubiri majibu ya kompyuta kwa wakati maalumu, na matokeo ya mgonjwa si mahali pa kufanyia majaribio. Iacheni XP ilipo, ifanye kazi yake moja, bila mtandao wowote. Kinachowatishia ninyi ni diski. Tafuteni fundi aitoe diski hiyo siku ambayo maabara haina kazi nyingi, ainakili yote kwenye diski nyingine ya aina ileile kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kisha aiwashe kompyuta kwa kutumia nakala ili kuhakikisha kwamba mashine ya kupima inaitikia. Diski ya asili iwekwe kabatini ikiwa na maandishi juu yake. Katika kazi hiyohiyo abadilishe betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi, kwa maana ikiisha kompyuta inapoteza tarehe, na matokeo yatatoka yakiwa na siku isiyo sahihi. Mkilazimika siku moja kutumia kompyuta isiyo na tundu la serial, kebo za USB za serial mara nyingi hukubali, tofauti na zile za LPT1 nilizozitaja juu, lakini zijaribuni kwanza kwa sampuli ya udhibiti.

Kwa kuyapeleka matokeo kwa madaktari, tengeni flashi moja ya maabara ambayo haitoki nje ya jengo. Katika XP izimeni hali ya flashi kujifungua yenyewe, kwa kuwa virusi vingi vya wakati ule viliingilia humo, na kompyuta ya pili, yenye mfumo unaopata marekebisho, ndiyo iikague flashi kila mara na kuyatuma matokeo. Flashi hiyo iwe ya gigabaiti 32 au chini yake, iliyopangwa kwa FAT32, muundo wa kuhifadhi faili ambao XP inauelewa, kwa sababu kubwa zaidi mara nyingi huja zimepangwa kwa exFAT, ambayo XP haiisomi bila nyongeza maalumu.